Matoka kwenye Kaburi la Mzee Ireri

Kwanza kabisa, mizimu sijaiona. Nimefanya kazi kwenye makaburi ya parokia tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa mgongoni hadi leo wajukuu wananiita cucu, na wote walionisumbua humo ndani walikuwa hai. Nawaambia mapema nyinyi mnaochukua jembe na funguo za lango, maana hilo ndilo swali mtakaloulizwa sokoni, kwenye chama, hata na wakwe zenu. Mimi nilikuwa najibu hivi: wafu hawana shida, shida ni wajomba zao.

Nimestaafu mwezi uliopita. Padri alinisomea misa, nikapewa leso na sufuria kubwa, watu wakasema maneno mazuri ambayo mengine yalikuwa ya kweli. Mambo ya mshahara na vyeo siyataji. Cheo chenyewe kilikuwa kimoja tu, nilikipata siku ya kwanza nikakirudisha siku ya mwisho. Ninachotaka kuwaandikia ni kazi ilivyo, na hasa zile sheria zilizoandikwa kwenye ubao wa langoni, kwa sababu kila anayeingia atazisoma, atatikisa kichwa kukubali, halafu atataka umwachilie yeye peke yake.

Mimi ni Mmeru, mtu wa Mitunguu, kwenye ndizi na mifereji ya maji. Nilikuja Embu kwa kuolewa, nikaanza kama mfagiaji wa ukumbi wa parokia. Wakati huo makaburi yalikuwa chini ya mzee Mbogo, mtu mrefu mwenye maneno machache, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa kazi. Padri akatangaza anatafutwa mtu wa kumsaidia kufyeka. Wanaume walioulizwa walikataa wote. Mmoja alisema mke wake hawezi kumpikia mtu anayetoka makaburini. Nikasema nitakwenda mimi, kwa sababu kwangu mpishi ni mimi mwenyewe.

Msishangae walivyokataa. Huku kwetu mtu huzikwa shambani kwake, karibu na nyumba, watoto wakipita hapo kila siku wakienda kuchota maji. Wanaokuja kwetu parokiani ni mapadri na masista, wageni waliofia hospitalini, watu wa mjini walionunua nyumba bila shamba, na wale ambao hawana hata mahali pa kupanda sukuma wiki. Kwa hiyo wengi wanaoingia langoni na jeneza huwa wamebeba na aibu juu yake. Ukilisahau hilo utakuwa mkali mahali pasipofaa.

Siku ya kwanza mzee Mbogo hakunipa kifaa chochote. Alinizungusha asubuhi nzima, safu kwa safu, akinionyesha nani amelala wapi na nani huja kumtembelea. Kesho yake ndipo akanipa fyekeo, akanifundisha kukata nikianzia kaburini kwenda nje, kamwe nisikate nikielekea kaburini, maana kijiwe kikirukia picha ya marehemu kwenye msalaba, familia haitakusamehe hata ukilipa. Akanionyesha kamba na vigingi vya kupimia safu, akasema hivyo haazimwi mtu, hata Padri. Niliuliza kwa nini hata Padri. Akasema Padri hurudisha kamba, lakini hurudisha na mafundo.

Jambo lake kubwa lilikuwa namna ya kukataza. Salimia kwanza, ungana naye kwa sala kama anasali, kisha ndipo useme la sheria. Na usimkataze mtu akiwa analia. Ngoja apenge kamasi. Mtu ambaye amekwisha penga kamasi huwa anaweza kusikia.

Sheria zenyewe si nyingi, na kila moja ina mama yake. Mishumaa iwe ndani ya kopo, kwa sababu wakati wa kiangazi mshumaa mmoja uliangukia nyasi, tukazima moto kwa matawi na maji ya baraka. Chupa na glasi hapana, maana huvunjika na anayetembea peku hapo ni mtoto. Mashada ya plastiki yaondolewe yakishapauka, kwa kuwa yana waya ndani na waya huo huingia kwenye fyekeo ukalia wewe. Chakula hapana. Mama mmoja alikuwa akimletea mumewe mukimo kila Siku ya Marehemu Wote, anauweka vizuri kwenye sahani na kuufunika. Mbwa wa mtaa mzima walijua tarehe hiyo kuliko Wakristo. Nilimwambia auchukue nyumbani akale kwa jina lake. Alinuna mwaka mmoja, mwaka uliofuata akaniletea mimi.

Kuna wale vijana wa bodaboda pia. Walikuja kumwona mwenzao, wakapiga honi mpaka ndege wakahama, wakafungulia spika, mmoja akatoa bia akaanza kuimwaga juu ya kaburi. Niliwasalimia, nikaomba nao Baba Yetu, ambayo waliijua nusu. Kisha nikawaambia kwamba yule kijana nilimjua vizuri, na siku zake zote sikuwahi kumwona akikubali hata tone limwagike. Walicheka wenyewe. Wakazima spika, wakaketi kwenye benchi la langoni, wakamzungumzia mwenzao kwa sauti ya kawaida mpaka jioni. Nadhani ndicho walichokuwa wamekuja kufanya, ila hawakujua pa kuanzia.

Na wa siku hizi wana simu. Mtu anapanda juu ya kaburi la jirani ili dada yake aliye ng'ambo aone vizuri kaburi la baba. Mwambieni ashuke. Dada ataona hata kutoka chini.

Sasa nifike kwa matoka, maana ndiyo kesi iliyonichukua roho.

Asiyekulia huku nimweleze. Itoka ni ua la majani marefu mapana, na chini lina kitunguu kikubwa kama ngumi ya mtu mzima. Halifi. Jua liwake, ng'ombe walikanyage, mvua ikinyesha litachipuka pale pale. Ndiyo maana tangu zamani watu wa huku wamelipanda mpakani mwa mashamba. Ukiona mstari wa matoka ujue shamba la fulani linaishia hapo, na mkono wako nao uishie hapo. Kung'oa itoka la jirani ni kutangaza vita.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imeanza, nilikuta kaburi la mzee Ireri limepandwa matoka kwenye kila pembe. Mzee huyo alikuwa kibarua wa mawe, alifia kwenye chumba cha kupanga, nasi tulimzika kabla ya mvua ile. Mjane wake, Mama Njue, aliuza ndengu na mboga sokoni, na hakuna Jumapili aliyokosa kuja baada ya misa. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyepanda. Yalikuwa yamekanyagiwa udongo kwa ufundi wa mtu aliyelima maisha yake yote.

Ubao unasema wazi: hakuna kupanda kitu juu ya kaburi, kuzungushia uzio, wala kujenga kupita kifundo cha mguu. Niliyang'oa. Sikuyatupa, niliyaweka kwenye gunia na udongo wake, nikayamwagia maji. Jumapili nilimsalimia, tukasali rozari fungu moja, nikasubiri, kisha nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua gunia lake akaenda. Jumapili iliyofuata matoka yalikuwa yamerudi kwenye pembe zile zile.

Basi tukaendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Yeye anapanda, mimi nang'oa, tukikutana tunasalimiana kwa heshima zote na kuulizana hali ya wajukuu. Mimi nikiongea Kimeru changu na yeye Kiembu chake, tukikwama Kiswahili kinatuokoa. Aliniita Mumeru, kwa sauti ambayo ilikuwa nusu utani na nusu si utani. Mimi ni mkaidi, mume wangu atawaambia. Lakini yule mama nilimvulia leso.

Ungekuwa mchezo wetu sisi wawili, ningeuacha uende. Lakini kando ya mzee Ireri amelala mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa na nyumba nzuri kule mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu. Mwanawe, Nyaga, hufanya kazi Nairobi na huja mara moja moja na gari safi. Jumapili moja aliyakuta matoka kabla sijayang'oa. Aliyatazama sana. Safari yake iliyofuata alikuja na ya kwake, akampandia babake mpaka, na mstari wake ulivuka ukaingia kwa mzee Ireri kwa upana wa mguu. Sijui kama alikusudia. Nyaga wa kulelewa mjini hajui kupanda kitu, alikuwa ameyapanda mengine kichwa chini. Lakini mnaona ilipokuwa ikienda. Kesi ya shamba, na wenye shamba wote wamekufa.

Niling'oa yote, ya huyu na ya yule, asubuhi moja. Kisha Mama Njue alipokuja nikamkalisha kwenye benchi la langoni, nikamuuliza kile nilichopaswa kuuliza mapema kama si ukaidi: mama, hasa unatafuta nini?

Alinieleza bila haraka. Walikuwa na shamba, kule juu kwenye majani chai. Mzee akaugua, wakakaa hospitalini muda mrefu, na waliporudi wakakuta matoka yametembea. Ndivyo alivyosema, yametembea. Ndugu za mumewe waliyang'oa wakayapanda upya ndani kidogo. Msimu uliofuata yakatembea tena. Mzee hakuwa na nguvu za kwenda kwa chifu kila siku, na mashahidi walikuwa ndugu wale wale. Yalitembea mpaka yakafika mlangoni, nao wakatoka na vyombo vyao wakaja mjini kupanga. Alipomleta mumewe kwetu, alijiambia kwamba angalau kipande hiki, cha urefu wa mwili wake, hakuna atakayekisogelea.

Kisha akanigeukia. "Walimng'olea akiwa hai nikanyamaza. Sasa wewe unamng'olea akiwa amekufa, na unataka ninyamaze pia?"

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nililia, na sioni haya kuliandika. Nilikaa pale kwenye benchi langu mwenyewe, mlinzi wa makaburi, nikilia kuliko waombolezaji, na yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Lakini matoka sikuyarudisha. Nataka mlielewe hili, kwa sababu litawafika na nyinyi, mtu mwenye haki kabisa ya kuonewa huruma atasimama mbele yenu akiomba sheria ikae kando. Nilimwambia, mama, nikikuachia wewe nimemwachia Nyaga. Na nikimwachia Nyaga, mwenye gari na mafundi ndiye atakayekuwa na mpaka mrefu. Utashindwa hapa kama ulivyoshindwa kule. Akauliza, sasa mume wangu atalindwa na nini? Nikamjibu kwa kiburi changu chote cha Mitunguu: "Mpaka wake ni mimi."

Mungu ana masikio. Haukupita muda mrefu nikadaiwa neno hilo.

Ilikuwa Jumamosi, nachoma majani upande wa ukuta, nikasikia wilbaro. Nyaga alikuwa amekuja na mafundi, mchanga, simiti, taili nyeusi za kung'aa na mnyororo wa kuzungushia. Misa ya kutimiza mwaka tangu baba afe ilikuwa inakaribia na familia yote ingekuja. Walikuwa wamekwisha chimba mtaro wa msingi, na mtaro huo ulikuwa umemla mzee Ireri ubavuni. Mama Njue alikuwa amepitia hapo akitoka sokoni, na kopo lake la maji ya kuoshea msalaba. Alisimama pembeni. Alikuwa ameshayaona haya.

Nilisalimia. Kusali hatukusali, naungama. Nikaleta kamba na vigingi, nikapima kaburi baada ya kaburi kutoka la kwanza la safu, na kamba ya kati ya hao wawili ikapita ndani ya mtaro wao. Nyaga alisema kwa upole kwamba kamba inaweza kuvutwa popote, na kwamba pale chini hakuna alama yoyote inayoonyesha mzee yule anaishia wapi. Alisema kweli. Alama zilizokuwapo nilizing'oa mimi.

Basi nikaingia ndani ya mtaro nikasimama.

"Mwageni," nikawaambia mafundi.

Nyaga alisema baba yake amefundisha nusu ya mji huu na anastahili kitu kizuri. Nikamwambia ni kweli, na hapa alipo amelala na waliopita mtihani na walioanguka, wote kwa kipimo kimoja. Alinibembeleza. Akapiga simu kwa Padri, ambaye alikuwa kwenye harusi na hakushika. Jua likapanda. Simiti ilikuwa imekwisha changanywa, na simiti haina subira ya binadamu. Fundi mkubwa aliitazama kwenye karai, akaitazama miguu yangu, akamwambia Nyaga, "Mkubwa, huyu mama hatoki. Na hii kitu inashika."

Walifukia. Wakachimba upya ndani ya kamba, wakamwaga zege la kulala chini kama ubao unavyosema, taili zikakaa bila kupita kifundo cha mguu, na mnyororo ukarudi Nairobi. Nyaga aliondoka bila kuniaga. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikamwendea Mama Njue nikitegemea walau anishike mkono.

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyejenga nyumba ya matope. Akasema, "Asante, Mumeru. Na ukienda?"

Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, naye alijua. Mwanadamu hawezi kuwa mpaka. Anazeeka, anaugua, anahamia kwa mtoto wake, na siku moja mafundi wanakuja yeye akiwa hayupo. Niliondoka na swali hilo, nikapika nalo, nikalala nalo.

Nilichofanya ni kwenda kwenye baraza la parokia. Niliwaambia kwamba sheria ya kutopanda ibaki, na nitaendelea kung'oa cha kila mtu. Lakini parokia yenyewe ipande. Itoka moja kila pembe, kaburi hadi kaburi, safu nzima, bila kuruka tajiri wala maskini, kwa kamba yetu sisi. Pale makaburi mawili yanapokutana, itoka liwe moja, la wote wawili. Likisogezwa, safu yote itaonekana imepinda, na kila mwenye mtu wake atakuja kuuliza.

Hawakukubali siku hiyo. Katekista alisema hayo ni mambo ya kienyeji na hapa ni mahali patakatifu. Mwingine akasema watu watadhani parokia inagawa mashamba. Nilirudi kikao kilichofuata, na kilichofuata. Nilimuuliza katekista kwake mpakani amepanda nini. Akakohoa. Mwishowe Padri, ambaye alikuwa amechoka kuniona, akasema ipandwe.

Tulipanda mvua za mwisho kabla sijastaafu. Jumuiya zote zilikuja na mapanga na magunia, kila mtu ameleta matoka kutoka kwao. Nyaga naye alikuja, sikutegemea. Alikuwa na viatu vya ofisini na panga jipya lenye karatasi ya dukani. Mama Njue alilitazama panga lile, akalichukua, akamwonyesha upande unaokwenda chini kwenye kitunguu cha itoka na upande unaokwenda juu, kisha wakalipanda pamoja lile la kati, kati ya mwalimu na mzee Ireri. Alilikanyagia udongo kwa kisigino, pole pole, pande zote.

Safu ile inaanzia kwa watoto wachanga na inaishia kwa mapadri wa zamani. Mama Njue alisimama, akajishika kiuno, akaufuata mstari kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akainama juu ya mumewe akamwambia, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa nyumba yake: "Sasa lala. Wakitaka kukusogeza, itabidi wasogeze watu wote, mpaka kwa mapadri."